Papa Cyprien na Sekunde Nne za Muuza Jibini

Papa Cyprien Ntirenganya, fundi sauti wa redio yetu hapa Goma, anastaafu tarehe 30 Juni 2024 baada ya miaka ishirini na tisa ya kutugombeza kila tulipokanyaga nyaya zake. Amepitia milipuko miwili ya volkano na maasi ambayo ameacha kuyahesabu, na hajawahi kuchelewa kazini, jambo linalotuudhi sana sisi wengine.

Kazi iliyomtangaza ni albamu ya bendi ya Makoro, vijana wanaopiga inanga, zeze la jadi la kwetu, kwa fujo za muziki wa panki. Waliirekodi kwetu Juni 2021, wiki chache baada ya Nyiragongo kulipuka. Ardhi ilikuwa bado inatetemeka, kwa hiyo Papa Cyprien alirekodi mlango ukiwa wazi, watu wapate pa kukimbilia. Igihozo, mwimbaji wao, alipoomba ufungwe, alijibiwa: "Mutoto wangu, albamu itangoya. Nyumba ikianguka, haitangoya mutu."

Wachambuzi hawakukawia. Mmoja wa Kinshasa aliandika kwamba nyimbo zina moto ila fundi ameziharibu: katika wimbo wa tatu anasikika mtu akinadi jibini barabarani. Wa Brussels aliisifu mno albamu, lakini naye akashauri sauti hiyo ifutwe. Bendi ikakubali. Papa Cyprien, mpole kuliko wote ninaowajua, akakataa katakata. Alisema mtu yule alipita kweli. Nilimwita mkaidi mbele ya wenzangu, na leo naona aibu.

Mwanzoni mwa 2023 vita vikafika Masisi. Aprili, Mama Dancille, mkimbizi wa kambi ya Lac Vert, alitujia na mtoto wa wiki sita mgongoni. Alikuwa ameusikia wimbo wa tatu redioni. Muuza jibini yule alikuwa mumewe, Viateur, aliyekuwa akileta jibini mjini kutoka kwao Masisi, na aliyeuawa huko na bomu Januari. Simu yenye sauti yake ilipotea wakikimbia.

Papa Cyprien alimvalisha masikioni vipokea sauti vyake, ambavyo hajawahi kumwazima hata mkurugenzi, akaupiga wimbo wa tatu. "Fromage! Fromage ya Masisi!" Sekunde nne tu. Alimrudishia mara kumi na moja, kisha akamnakilia kwenye kadi ya simu.

"Aksanti, muzee," Mama Dancille alisema. "Huyu wa mugongo naye atamusikia baba yake."

Nilitoka nje nikalia. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu miaka kumi na minne bila kumjua.

Asante, Papa Cyprien. Ukapumzike na mkeo, Mama Philomène, mkiwa na afya na amani, kwa miaka mingi.

Rosine, mtangazaji