Tumbawe la Bi Jawaher

Marehemu Bi Jawaher binti Zahran alizaliwa Chokocho tarehe 14 Juni 1952, mtoto wa pili wa Mzee Zahran na Bi Moza. Wa kwanza ni kaka yake, Maher, anayesoma wasifu huu. Marehemu mwenyewe alimtaka asome yote, asijifiche.

Alisoma Chokocho, kisha chuo cha ualimu Unguja, na tangu 1975 alifundisha biolojia Chake Chake. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Mwaka 1976 aliolewa na Bwana Masoud, wakajenga Tibirinzi, wakajaaliwa binti mmoja, Asya.

Mwaka 1993 aliokota kipande cha tumbawe laini karibu na Kisiwa Panza, kwenye mwamba uliopasuliwa na baruti ya wavuvi. Alilifuga sebuleni ndani ya tangi la kioo, na kila Ijumaa Masoud alimbebea madumu ya maji ya bahari. Umeme ukikatika, nyumba nzima ilipokezana kata, kuchota na kumimina, ili lipate hewa. Mgeni aliyeliita jiwe alipewa somo zima, kwamba tumbawe ni mnyama.

Vyama vingi vya siasa vilipoingia, watu waliacha kununuliana dukani, wakaacha hata kuzikana. Maher aliapa barazani, mbele ya watu, kwamba Jawaher, aliyekuwa chama kingine pamoja na mumewe, hata akifa hatamzika. Novemba 2000, baada ya uchaguzi, yeye na wenzake watatu walivunja mlango wa dada yake wakimtaka Masoud. Walimpiga mpaka taya likavunjika. Mchi ulikuwa mkononi mwa Maher. Ulipiga tangi, kioo kikamchana Jawaher mkono, na vidole viwili havikukunjuka tena mpaka anakufa. Damu na maji ya bahari vilitiririka hadi ukumbini. Naye alipiga magoti juu ya vigae vya kioo, akiokota vipande vya tumbawe na kuvitia ndani ya sufuria.

“Maher, weka mchi chini, nletee maji,” alisema. “Huyu nnyama, yu hai bado.”

Maher hakuleta maji. Alitoka.

Masoud alifariki mwaka 2006, na Maher hakwenda mazikoni. Vile vipande Jawaher alivifunga kwa uzi juu ya mawe, na kila kimoja kikakua kikawa tumbawe zima. Mwaka 2010, baada ya maridhiano, alimpelekea kaka yake kimoja ndani ya ndoo. Maher akakiua kwa maji ya mfereji, yasiyo na chumvi. Akapelekewa cha pili, akakiua nacho. Cha tatu hakikuja. Ilibidi aende mwenyewe akagonge mlango ule ule. Dada yake alimpa kata, akamwonesha kwa mkono wake mbovu namna ya kumimina. Maher alilia, wala haoni haya kulisema.

Kisukari kiliharibu figo za Jawaher Januari mwaka huu. Mwanamke hushushwa kaburini na watu wake wa damu, na yeye hakuwa na mtoto wa kiume.

“Mie sina mwanamme mwengine,” alimwambia kaka yake. “Utanishusha?”

Alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 11 Machi 2013, alasiri. Leo Maher ameshuka, na udongo bado uko miguuni mwake.

Ameacha binti, Asya, wajukuu wawili wadogo, Ame na Mize, na kaka mmoja. Ameacha pia vipande vitatu vya tumbawe alivyovifunga uzi mwenyewe, kwa ajili ya wale watatu waliovunja mlango pamoja na Maher. Wamo humu, Maher hatawataja. Ndoo zao ziko ukumbini.

Mola amrehemu Jawaher, ampumzishe kwa amani aliyotutakia sote.