Mama Kitambaa na Mbegu za Msimu Huu

Tumekuja kumsindikiza mama ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kitambaa. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la wazazi wake, mtoto wa pili kati ya watano, wiki ileile baba yake alipotundika kibao cha kuuza mbegu za mahindi. Baba alizoea kuwaambia wateja kwamba mkewe amejifungua mapacha: mmoja analilia maziwa, mwingine magunia.

Alisoma shule ya msingi na sekondari akiishi humohumo dukani, kisha akapata cheti cha kilimo mwaka 1972. Chuoni alisoma vitabuni kile ambacho baba yake alikifanya kwa mazoea: kabla gunia halijatoka ghalani, punje kadhaa huviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu, kikafungwa na kuwekwa mahali penye joto. Zikiota, gunia linauzwa. Zisipoota, haliuzwi. Hakukuwa na jambo la tatu.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na dereva wa lori la kampuni ya mbegu iliyokua kutoka duka lile la baba yake. Sherehe ikiwa imepamba moto, bibi harusi akatoweka. Mumewe alimkuta ghalani na gauni lake jeupe, analowesha kitambaa. "Kumbe nimeoa na ghala," alisema, na utani huo hakuuacha mpaka alipofariki mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu.

Baba yake alipofariki mwaka 1986, marehemu alishika kampuni. Msimu mmoja vitambaa vilifunguliwa, kimoja baada ya kingine, na punje zilikuwa zimelala tu. Wanunuzi walijaa getini. Kaka zake walimsihi afumbe macho mara moja tu, nani atajua? Alifukia shehena yote shimoni. Mwaka ule nyumbani waliishi kwa kubana, lakini hakuna mkulima aliyelima bure. Kwa miaka mingi baadaye, watoto walikatazwa kuchezea pale juu ya lile shimo.

Mwaka 2019 miguu ilipoanza kumgomea, alimkabidhi mwanawe wa kwanza funguo. Kampuni ilinawiri. Magunia yalipata picha ya jogoo, na punje zikapakwa dawa ya rangi ya waridi, zikawa zinapendeza hata zikiwa zimekufa. Kisha, katika joto kali lililotangulia mvua hizi, mtambo wa kupoozea ghala ulizimika. Mwanawe alimwambia umeshatengenezwa, mambo ni shwari. Muda ambao mtambo ulikuwa umezimika hakuutaja. Mama aliinua kiganja cha mwanawe, akakinusa kama anayepima mbegu, akaomba aletewe punje.

Wakati huo moyo wake ulikuwa umechoka, mwili ukiwa na homa, na daktari alikuwa amemkataza kutoka kitandani. Alizifunga katika vitambaa viwili, akavilaza kitandani ubavuni mwake. Siku zilipotimia, alifungua kitambaa cha kwanza, kisha cha pili. Ndani, punje zilikuwa nzuri, za waridi, hazina hata mche mmoja. Mwanawe alidai ni homa ya mama iliyoziunguza.

"Basi funga wewe, baba," alimwambia. "Kwa hiyo mikono yako yenye afya."

"Magunia yameshatoka, Mama."

"Ndiyo maana nasema ufunge leo."

Akafunga kitambaa kingine, akakiweka dirishani mahali ambapo mama angeweza kukiona. Kila asubuhi mama alikitazama kwanza, ndipo akaitikia salamu. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, kabla siku ya kukifungua haijafika.

Mwanawe alikifungua jana, mbele ya familia nzima. Hakuna punje iliyoota.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kaka mmoja. Ameacha pia magunia ya jogoo katika nyumba za wengi mliosimama hapa. Familia inawaomba msiyapande. Mwanawe wa kwanza atakuwa getini kuanzia kesho asubuhi kuyapokea, na ghala halitafunguliwa kwa kuuza. Na kwa kuwa mvua za kwanza zimeshanyesha, aliyekwisha kupanda akitoka hapa apitie shambani, afukue shimo moja la mbegu, atazame.

Mama apumzike kwa amani. Kazi ya kutazama ametuachia sisi.