Kabla Sijakabidhi Ufunguo wa Lango

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Mama Muuguzi Mkuu, watumishi wenzangu, na wewe mama uliyeupokea mwaliko wangu ukaketi safu ya tatu: amani ya Mungu iwe nanyi.

Leo ninapostaafu ulinzi wa hospitali hii, mmenisifu kwamba kwa miaka ishirini na sita hakuna mwizi aliyepita lango langu. Ni kweli. Lakini nani amewahesabu waliostahili kupita nikawazuia?

Mwaka juzi, saa nane mchana, alikuja binti mjamzito na kapu mkononi. Nikadhani kamletea mgonjwa chakula.

"Muda wa kuona wagonjwa umekwisha, mwanangu."

"Mjomba, kichwa kinapasuka. Naona nyota."

"Nyota na jua lote hili?" Nikacheka. "Keti hapo kwenye benchi, zitazima zenyewe."

Akaketi. Miguu ilikuwa imemvimba hata ndala zinamkataa, na mimi niliiona. Haikufika saa tisa, kifafa cha mimba kikamwangusha mbele ya kibanda changu. Kapuni mlikuwa na kadi ya kliniki na nguo za mtoto. Tuliwazika wote wawili.

Nilimfuata daktari, nikamwuliza kilichomuua. Akasema, "Mzee, mwili una askari wake wa kupambana na maradhi. Mimba ni mgeni, maana nusu yake ni ya baba. Askari hutakiwa wamtambue, wampishe. Kwa baadhi ya kina mama hawampishi vizuri. Vurugu zao huumiza mishipa ya damu, presha inapanda. Hatujayajua yote, ila hilo tunaliona."

Wenzangu wakanifariji: usijilaumu, walioanza ni askari wa ndani. Sawa. Lakini wale wa ndani hawana masikio, ndugu zangu. Mimi Mungu alinipa mawili.

Mama wa safu ya tatu, uliambiwa binti yako alichelewa kufika hospitali. Jumapili iliyopita nilikuja kwako nikakiri kwamba hakuchelewa, nilimchelewesha mimi. Hukunifukuza, wala hukunisamehe. Ulisema tu, "Kayaseme mbele za watu." Basi nimeyasema.

Mheshimiwa, ufunguo ni huu hapa mkononi. Siuweki mezani mpaka uniahidi mbele ya mama huyu: mjamzito akilalamikia kichwa, macho au uvimbe, lango lifunguliwe kwanza, maswali yamkute kitandani.

Asanteni, mmenisikiliza hadi mwisho. Yeye sikumsikiliza.