Fundi Koleo na Nusu ya Kaseti Iliyokatwa

Kila asubuhi, kabla hajafungua kofuli la karakana yake, marehemu aligonga mlango wa bati mara nne kwa kidole, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Fundi wa jirani hakuchoka kumtania: "Koleo, unabisha hodi kwa nani humo? Kwa nondo?" Naye akamjibu, "Nondo nazo zina adabu zake, usizikurupushe." Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa mzaha, mwenye mikono migumu kama ngozi ya kiatu, na mwenye jambo moja lililomkaa kooni miaka ishirini na mitatu. Wasifu huu aliuagiza mwenyewe akiwa kitandani. Alisema mengine yaandikwe kwa ufupi, ila hilo moja liandikwe lote.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1981, mtoto wa pekee wa mama yake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miezi saba. Alikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali, ambako mama yake alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi mashuka ya wodi kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu 2020. Humo ndani aliishi pia mjomba wake, mdogo wake mama. Mama alimlea mdogo wake huyo tangu walipofiwa na wazazi wao, akambeba mgongoni miaka mingi kabla ya kumbeba marehemu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994, kisha akaingia chuo cha ufundi, akahitimu uchomeleaji mwaka 1999. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Mikono mizuri, kelele nyingi." Jina la Koleo alilipata hukohuko, kwa kuwa alichokishika hakukiachia.

Kelele zenyewe zilikuwa za bendi. Marehemu na wenzake watatu walipiga nu metal, yaani magitaa mazito ya roki yaliyochanganywa na kufokafoka, na yeye ndiye aliyekuwa akiimba huku akipiga gitaa. Mazoezi yalifanyika sebuleni kwa mama, makochi yakiwa yamesukumwa ukutani, na redio kaseti ikirekodi ili baadaye wasikie walipokosea.

Jumapili tarehe 20 Mei 2001, saa tisa alasiri, mjomba aliingia katikati ya mazoezi. Alikuwa ametoka zamu na alitaka kulala. Alimpiga marehemu kibao, akamnyang'anya gitaa, akaanza kumvuta kwa ukosi kumpeleka nje. Mama akatoka jikoni mikono imejaa povu. Alimwelekea mdogo wake, yule aliyemlea, akapaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Toka! Toka nyumbani kwangu! Sikukuzaa mimi! Huyu ndiye niliyemzaa!"

Mjomba aliachia ukosi. Jioni ile ile akafunga begi lake na kuondoka. Alifariki mwaka 2009 huko alikohamia, na katika miaka yote hiyo hakukanyaga tena kwa dada yake. Hivyo mama alimpoteza mdogo wake kwa ajili ya mwanawe, na watu wote waliopo hapa leo wajue hivyo.

Redio kaseti ilikuwa bado inazunguka. Wiki mbili baadaye bendi ilikwenda studio, na marehemu akataka wimbo uanze kwa sauti ya mama. Fundi mitambo alisikiliza kaseti, akauliza, "Na hiki kipande cha mwisho, cha 'huyu ndiye niliyemzaa', nakiacha?"

"Kata hapo hapo kwenye 'sikukuzaa mimi'," marehemu akamwambia. "Ukikiacha unakuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Nani atatikisa kichwa?"

Wakacheka. Wakakata. Ndipo ukaja ule wimbo ambao wengi wenu mnaujua: mwanamke anapiga kelele za kufukuza, kisha magitaa yanaporomoka, na kijana anafoka kwamba mama aliyemzaa amemkana. Kituo kimoja cha redio kiliukataa kwa sababu unatukana wazazi, na kukataliwa huko kukaufanya uende mbio zaidi. Vijana waliupenda mno. Kila mtu aliamini yule mama ni mama yake, na kweli alikuwa mama yake. Waliamini pia kwamba aliyekuwa akifukuzwa ni yeye.

Mwezi Agosti mtangazaji alimuuliza moja kwa moja hewani, "Koleo, ni kweli mama yako alikutimua?" Marehemu alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Alicheka, akasema, "Si umemsikia mwenyewe?"

Mama alikuwa kazini, anapiga pasi, na redio ilikuwa dirishani. Madobi wenzake wakaweka pasi zao chini. Mmoja akamwambia, "Dada, kanusha basi, sisi tunakujua." Mama akageuza shuka upande wa pili. "Nikikanusha," akasema, "nitakuwa nimemwita mwanangu mwongo mbele za watu. Niletee maji ya kunyunyizia." Marehemu alikuja kuyajua hayo miaka kumi baadaye, kutoka kwa dobi yule aliyeleta maji.

Bendi ilivunjika mwaka 2003, lakini wimbo haukuvunjika. Watoto wa shule walimsubiri mama getini pa hospitali na kumfokea maneno yake mwenyewe. Yeye alikuwa akiwaambia, "Haya, mmekosea kuanza, rudieni." Nyumbani alicheka kwamba amekuwa maarufu bila hata kushika gitaa. Marehemu alicheka naye. Kisha akawa anatafuta kitu kibovu ndani ya nyumba akitengeneze. Alimwekea geti, madirisha, kitanda, kibanda cha kuku wakati mama hakuwa na kuku hata mmoja. Kila Jumapili alikwenda na maneno mdomoni, na kila Jumapili alirudi nayo.

Alifungua karakana yake mwaka 2004. Mwaka 2006 alifunga ndoa na mkewe, fundi cherehani, aliyefika karakana kulalamika kwamba geti lake linalia. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu geti lilikuwa halilii, lakini alikuja vilevile.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa 2022. Machi mwaka huu, 2024, madaktari walisema mapafu yamechakaa kwa moshi wa kazi. Akiwa kitandani alisema yote yaliyoandikwa hapa, na akasema hivi: "Andikeni kwamba sikufukuzwa. Nilitetewa."

Jumamosi tarehe 8 Juni alitaka kumpelekea mama ile kaseti ya mazoezi, nzima kama alivyoitunza, aicheze mbele ya majirani wote wa mama. Mtu mmoja wa nyumbani aliona miguu yake inatetemeka, akaficha viatu vyake nyuma ya mitungi, kisha akasaidia kuvitafuta. Ilikuwa huruma. Lakini siku hiyo alikuwa bado na nguvu za kufika, na mama angeyasikia haya kwa kinywa cha mwanawe, si kwa karatasi. Aliyevificha anamwomba bibi yake radhi.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, saa tano na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Alianguka barabarani, hatua kama mia mbili kutoka mlangoni kwa mama, kaseti ikiwa mfukoni. Ameacha mama, mke, binti mmoja, mvulana mmoja, na wenzake watatu wa bendi ambao ndio waliobeba jeneza. Mwenyezi Mungu amfikishe salama, na mzigo wake aupokee.

Asubuhi hiyo aliamka mapema kuliko wote. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kwenda mjini na ndala za mkewe, kwa sababu viatu vilikuwa havijarudishwa. Mkewe akasema, "Ngoja nijifunge kanga nikusindikize."

"Ukija nitakuachia wewe useme. Nakujua, na najijua."

"Si ungoje upate nafuu, baba watoto?"

"Nafuu ndiyo hii," akasema.

Alishika ukuta mpaka mlangoni, akauachia. Uani aliwapita wanawe wawili, akamshika binti kichwani bila kumuuliza chochote kuhusu viatu, akafungua geti, akatoka. Hakurudi.