Taa Yenye Mwezi Wangu

Njooni mkae hapa, wadogo zangu, upande mmoja wa godoro, ndiyo, upande mmoja, bega kwa bega, maana shingo yangu haina tena nguvu ya kumtazama Chinatsu kushoto na Hokuto kulia kama mtu anayetazama mpira wa meza. Sogea, Chinatsu, hang'ati huyo. Nisikilizeni mimi kaka yenu Shigeaki, niliyeacha shule mapema kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha, nikaingia karakana ya baba nikawa fundi wa karabai na majiko ya kambi ambaye watu wa Tokyo wanapanda treni kumfuata huku Sanjo, hata theluji ikiwa kiunoni. Nisikilizeni nikingali na pumzi, kwa sababu daktari jana alizungumza nami kwa heshima mno, na daktari akianza kukuheshimu ujue umekwisha.

Duka na karakana ni vyenu wawili, wala havigawanywi. Jiriwa na tupa za baba azishike Hokuto, wateja na vipuri avishike Chinatsu, ambaye ulimi wake unaweza kumuuzia samaki maji. Zile karabai kuukuu za rafu ya juu msizisugue mpaka zing'ae, maana weusi ule ni umri wao, na mzee havuliwi mvi. Kamezo wa mji jirani wa Tsubame husugua tangi mpaka shaba inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha anajiita fundi. Tumegombana juu ya hilo tangu baba yu hai, sijamsamehe wala sitamsamehe, ila akija kunizika mpeni chai, aketi, asiguse kitu. Na vaeni glavu mnapoosha vyuma kwa petroli, msipulize pua ya jiko kwa mdomo kama nilivyozoea mimi. Damu yangu mnaiona ilivyogeuka.

Lakini sikuwaita kwa ajili ya tupa na glavu. Nimewaita kwa ajili ya Mama Tatsuro.

Jumanne alipokuja dukani mlidhani nimelala. Ukuta wetu ni karatasi, wadogo zangu, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kusikiliza. Nilimsikia akivua viatu, nikamsikia akisema kwa ile sauti yake ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai, "Samahani, binti, nimesikia hapa mna karabai ya mwezi wa pili, mwaka wa mwanangu."

Nawe Chinatsu ukamjibu, "Ipo, mama, lakini haiuzwi. Ni ya kaka, na kaka yuko kitandani."

"Ah. Basi poleni sana. Nimesumbua." Nilidhani ameondoka, kumbe bado yuko pale pale. Akauliza, "Na yule kijana aliyekuwa sokoni siku ile, hajambo? Anakula?"

Ukamwambia ametoka. Hokuto, ulikuwa nyuma ya pazia la karakana, na pazia lile haligusi sakafu, nalo halijagusa sakafu tangu tuzaliwe. Mama wa watu aliyaona makubadhi yako. Aliyaona, akayaaga kwa kuinama, akaenda zake.

Tulieni, msinikatize, pumzi yangu ni ya kukopa. Nataka niliseme jambo hili lote kwa kinywa kimoja, kwa sababu humu ndani limesemwa vipande vipande, kila mtu na kipande chake, na kipande hukata.

Mnajua wapiga kambi wetu walivyo na wazimu wa kutafuta taa iliyogongwa chini ya tangi mwezi na mwaka waliozaliwa, wakisema huo ni moto uliokuja duniani pamoja nao. Tatsuro na mimi tulizaliwa mwezi mmoja, mwaka mmoja, tukaketi dawati moja, na taa ya mwezi wetu katika mji huu ilikuwa moja tu, ile aliyonipatia baba. Miaka yote Tatsuro aliniomba. Nilikuwa namwambia, "Ngoja nife kwanza, ndugu yangu, utairithi." Akatangulia yeye. Februari iliyopita alikwenda sokoni kwenye meza yetu kutafuta nyingine, akaikosa, na ili asirudi mikono mitupu akanunua jiko. Hokuto, ndiwe uliyemuuzia.

Na jiko lilikuwa zima. Nalisema hili mbele ya baba aliye kaburini, jiko lile nililifufua mimi, lilikuwa linawaka buluu, linaimba kama nzi. Lakini nyumba hii haitoi jiko bila maneno. Mteja analishika kwa mikono miwili, nasi hatuliachii mpaka arudie kwa sauti, "Moto ukiwaka, hema liwe wazi." Walitucheka kwa hilo! Askari wa mtaa alirudia huku masikio yamemwiva kwa aibu, na mimi nikamwambia aongeze sauti. Siku ile soko lilikuwa limefurika, foleni ndefu, Hokuto ukamwachia jiko Tatsuro bila maneno, kwa sababu alikuwa rafiki wa nyumbani, na ni nani amwambie rafiki kama anamwambia mtoto? Usiku alifunga hema jiko likiwaka, theluji ikafunika hema, hewa ya ndani ikageuka sumu. Asubuhi walimkuta mafuta yamekwisha, uso wake mwekundu kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto.

Sitakuambia huna kosa, Hokuto. Wanaokuambia huna kosa wanataka tu unyamaze. Kosa lipo, ni lako, utazeeka nalo. Lakini tangu siku ile hujawasha hata kiberiti, unakula wali baridi na figili ya chumvi kama mfungwa, na mikono yako ile, ambayo ni ya pili kwa ubora kutoka mto Shinano hadi baharini, na wa pili kwangu ni wa kwanza kwa wengine wote, umeikunja kwapani kama vitu vya kuazima.

Nawe Chinatsu, neno ulilomwita ndugu yako jikoni mwezi wa tatu nililisikia. Ulimi hauna mfupa, ila huvunja mifupa. Tangu hapo mnapishana kwa zamu mezani, mmoja akiingia mwingine anatoka. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ninyi mnasubiri nife ndipo mchukue lipi? Wewe si hakimu. Aliyepata haki ya kumhukumu alikuja Jumanne, akauliza kama anakula.

Basi wosia wangu ni huu. Wiki ijayo tunawasha taa milangoni wafu waone njia ya nyumbani, na kwa Tatsuro ni mara ya kwanza, hajaizoea njia. Taa ya mwezi wetu apelekewe mama yake. Si kuuziwa. Kupelekewa.

Usitikise kichwa, Chinatsu, najua ulikuwa unaiweka uniwashie mimi mwakani. Mimi nitakuja gizani. Niwashieni hata tochi ya simu. Nimeijua njia ya nyumba hii tangu nikitambaa, na nikijikwaa mtanisikia nikitukana.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Hokuto, utaifufua wewe. Mshono wa chini umeliwa na kutu, kuna tundu dogo kama la sindano. Ulikwangue taratibu, lehemu iwe nyembamba, usinifanyie uji. Ile ngozi ya pampu uiloweke kwenye mafuta mpaka ilainike. Kisha uzamishe tangi majini, upige pampu, utazame. Pakitoka kiputo hata kimoja, anza upya. Usiufute ule weusi. Na alama ya mwezi usiiguse kabisa.

Halafu mtakwenda wote wawili, kwa miguu, mchana, watu wawaone. Chinatsu utabeba taa, Hokuto utabeba mafuta. Mlangoni usipige magoti, mdogo wangu, wala usiombe msamaha. Msamaha ukiombwa mlangoni, mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo, inambidi akukaribishe, akutengenezee chai, akuliwaze. Usimfanyie hivyo. Mwonyeshe tu namna ya kuijaza, namna ya kuipampu, namna ya kukichoma kile kisoksi cha taa kabla ya kuiwasha. Uwashe mbele yake. Wewe, kwa mkono wako.

Na kabla hujaiachia, utamwambia yale maneno. Ndiyo. Kwake yeye. Ataishika kwa mikono miwili, nawe hutaiachia mpaka ayarudie. Nimelala nikilifikiria hilo siku nyingi, nikitafuta njia ya kukuepusha, sikuiona. Ukimpa bila maneno, utakuwa umeuza mara ya pili kama ulivyouza mara ya kwanza. Akilia, subiri. Akikupiga kofi, subiri. Akirudia, achia.

Kama hutaweza... funga duka. Uza tupa kwa Kamezo. Sitaki jiko jingine litoke humu kwa mikono inayoogopa kusema.

Mbona mnalia kwa pamoja? Tangu mwezi wa tatu hamjafanya kitu kwa pamoja.

Mnizike karibu na mama, mvua imelainisha udongo pale, hamtachoka. Shati langu lile la mafuta mnivalishe ndani, la heshima juu. Msiweke picha ile niliyofumba macho.

Mikono yenu iko wapi... hii ya nani? Ngumu hii, ni ya Chinatsu. Na hii iliyotoka kwapani. Haya. Mungu wa moto na wazee wa nyumba hii wawalinde. Mle sahani moja. Mzae watoto wakaidi kama mimi, wazuri kidogo kuliko mimi, mkiweza. Riziki iwafuate bila kuitwa. Nimewabariki... nimewabariki wote wawili, kwa uzito mmoja.

Sasa nendeni karakana. Nataka kusikia tupa ikianza. Sitangoja sana... 

Hokuto. Chinatsu.

Mbona bado mmekaa?