Mguu wa Editha na Ombi la Bibi Penina

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa wilaya yetu, umewahi kulazwa kitandani siku tisa, mabibi watano wakikulinda usifike hata mlangoni?

KARIBU
Karibu kwetu, huku jirani na Hombolo. Zabibu zilizo mezani ni zako. Zimeoshwa mara tatu, maana tulijua wanakuja watu wa afya.

TULIKOTOKA
Sisi ni mabibi kumi na wanne tunaolea wazazi waliotoka kujifungua: uji wa ulezi, kukanda kwa maji ya moto, na kumlaza mzazi mpaka arobaini iishe. Kwa kulaza tulikuwa hodari mno.

Mwaka jana Editha, mke wa mtoto wa Bibi Penina, alirudi na mshono wa upasuaji na mtoto mnene. Hospitali walimwagiza awe anainuka, atembee taratibu. Bibi Penina alicheka, akasema manesi wa siku hizi hawaujui uzazi. Hata chooni alimsindikiza kama askari magereza.

Siku ya tisa mguu wa kushoto ukavimba, wa kulia ukabaki vilevile. Ulikuwa wa moto, na Editha akiukanyagia anakunja uso. Bibi Penina akabandika sufuria, akajifunga kanga kiunoni, tayari kukanda. Nesi Gladness, aliyekuja kumwangalia mtoto, akamshika mkono.

"Shikamoo bibi. Mguu huo usiukande. Huenda damu imeganda humo, na bonge likichomoka linakwenda kwenye mapafu."

Bibi Penina aliitikia marahaba, akaipua sufuria. Editha alipelekwa hospitali na gari la mahindi la jirani yetu Elieza, akachomwa sindano za kuzuia damu kuganda siku nyingi, akarudi anatembea.

TULIYOYAFANYA
Siku hizi mzazi wetu anazunguka ua asubuhi na jioni, bibi nyuma yake. Majirani wanatuita jeshi la akiba. Wajawazito nao tunawauliza: mguu mmoja umevimba? Kifua kinabana? Pumzi inakata? Akisema ndiyo, hatubandiki maji, tunatafuta gari.

KINACHOTUKWAZA
Gladness ni mmoja kwa vitongoji vinne, na wenzetu huko mbali bado wanakanda. Halafu Bibi Penina, tangu siku ile, hajamgusa mzazi yeyote. Anapika uji, anauacha mlangoni, anaondoka. Na mkwewe mwingine, Asnath, yuko mwezi wa nane.

OMBI
Tulipanga kuomba mwalimu wa afya na vitenge vya sare. La mwalimu tulilimaliza mara moja. Vitenge tulibishania rangi mpaka chai ikapoa. Ndipo Bibi Penina akasema:

"Futeni vitenge. Aje mwalimu, anifundishe mimi kwanza. Nataka kumlea Asnath kwa mikono yangu."

Vitenge tumevifuta, Mgeni rasmi. Mwenyezi Mungu akurudishe salama, na njiani ushuke unyooshe miguu.

Ni sisi,
Mabibi Walezi wa Wazazi