Aliyemfundisha Yohana Kula Nzige

Nilikaa kiti cha mbele ya abiria wawili, masikio nimeyaacha nyuma. Mwalimu mstaafu wa historia alikuwa anamweleza jirani yake wa treni, mama fundi wa makochi aliyepakata mto mpya, asili ya Yohana Mbatizaji. "Wazazi wake walimpata uzeeni. Wako wataalamu wanaodhani alilelewa na watawa wa jangwani."

"Watawa? Wapi, mwalimu! Huyo alilelewa na shangazi."

"Imeandikwa wapi?"

"Si alikula nzige? Nzige ana miguu yenye miiba, usipoing'oa itakukwama kooni. Nani alimwonyesha?"

Mwalimu akavua miwani. Nadhani vyeti anavyo vya kutosha, ila hili hakulisomea. "Historia haisemi, mama."

"Haisemi. Hata cheti changu cha kuzaliwa hakimtaji shangazi, na ndiye aliyenitafunia chakula kabla sijaota meno. Leo kibogoyo ni yeye, na mimi ndiye ninayemsagia. Mto huu ni wake, wa kuegemea. Namshukuru Mungu kwamba bado yupo."

"Nakuelewa, mama, lakini ushahidi kwamba Yohana naye alikuwa na mtu kama huyo uko wapi?"

Treni ikasimama. Fundi akainuka na mto wake.

"Si alikua, akawa mtu mzima?" akasema, akashuka.